Mfumo wa maombi unarudi kwenye ukurasa wa kuingia kila mara: je, ni vidakuzi au ni kompyuta zenyewe?

Mama Steshenari (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Naendesha duka la steshenari karibu na stendi ya mabasi hapa Moshi, na mbali na kutoa kopi na kuchapa barua, sehemu kubwa ya kazi yangu msimu huu ni kuwasaidia vijana waliomaliza kidato cha sita kujaza maombi ya masomo mtandaoni. Tatizo lililonileta ni hili. Kwenye mfumo mmoja wa maombi, mteja anaandika namba yake ya mtihani wa kidato cha nne pamoja na nenosiri, anabofya kitufe cha kuingia, ukurasa unazunguka kidogo, kisha unarudi palepale pa kuandika namba na nenosiri. Hakuna maandishi mekundu wala onyo kwamba nenosiri si sahihi. Mteja huyohuyo akitumia simu yake anaingia mara moja, kwa hiyo sina shaka kwamba nenosiri ni sahihi na akaunti ni nzima.

Nieleze na mazingira ili anayenisaidia asikisie. Nina kompyuta tatu, zote za Windows. Ya mlangoni na ya katikati zinatumia Chrome, na ya ndani inatumia Firefox. Ile ya mlangoni niliiwekea mpangilio wa kuzuia tovuti zisihifadhi vidakuzi (cookies, vile vipande vidogo vya maandishi ambavyo tovuti huweka kwenye kivinjari) kabisa, na nilikuwa na sababu: binti mmoja alikaa kwenye kiti, akafungua kivinjari, akakuta akaunti ya mteja aliyemtangulia ipo wazi, ikionyesha namba ya kitambulisho cha taifa, majina ya wazazi na hali ya malipo. Sikutaka jambo lile lijirudie dukani kwangu. Ile ya katikati sijaizuia chochote, lakini nayo inarudisha ukurasa vilevile tangu ilipowekewa Windows upya. Ya ndani inaingia bila shida, ila mteja akifika sehemu ya malipo, kile kisanduku kinachotakiwa kumpa kumbukumbu namba kinabaki cheupe.

Naomba kuelewa vidakuzi vinahusikaje na kuingia kwenye akaunti, na namna ya kuviruhusu bila kurudi kule kwa mteja mmoja kukuta mambo ya mwenzake. Siku ya mwisho ya maombi inakaribia, na baadhi ya wateja wangu wanatoka Rombo na Same. Kumwambia mtu aliyelipa nauli ya huko kwamba arudi kesho ni jambo zito.

Kijana wa Sakina (Arusha)

Shikamoo mama. Nenda kwenye mipangilio ya kila kivinjari, futa data yote ya kuvinjari tangu mwanzo, kisha ruhusu vidakuzi vyote, pamoja na vile vya tovuti za nje. Baada ya hapo zima kompyuta na uiwashe tena. Mimi ndivyo ninavyofanya na mara nyingi tatizo huisha.

Fundi wa Ngarenaro (Arusha)

Mama Steshenari, pole na kazi. Naheshimu mchango wa kijana wa Sakina, lakini naomba usiufuate kama ulivyo. Ukisoma maelezo yako kwa makini utaona kwamba kompyuta zako zina magonjwa matatu tofauti yanayofanana dalili, na dawa moja ya kufuta kila kitu haitagusa hata moja kati ya hayo, ila itakuondolea kila ulichohifadhi na kukuachia mlango wazi kuliko ulivyokuwa.

Kwanza tuelewane kidakuzi kinafanya nini. Seva ya tovuti, yaani kompyuta inayotoa kurasa zake, haina kumbukumbu ya nani aliyeiomba ukurasa sekunde iliyopita. Kila ombi hulipokea kama la mgeni mpya. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa mhandisi wa Netscape, alibuni njia ya seva kukipa kivinjari kipande kidogo cha maandishi ambacho kivinjari hukirudisha kila kinapoomba ukurasa mwingine kwenye tovuti hiyohiyo. Ni sawa na ile stakabadhi unayopewa ofisi ya basi unapokabidhi mzigo: karani wa Dar es Salaam hakujui, lakini akiiona stakabadhi anajua mzigo ni wako. Mteja wako anapoandika nenosiri sahihi, mfumo unamkubali na kumpa kidakuzi. Kivinjari cha mlangoni kimeamriwa kukataa vidakuzi vyote, kwa hiyo kinakitupa. Ukurasa unaofuata unaombwa bila kidakuzi, mfumo unaona mgeni, unamrudisha pa kuingilia. Hakuna onyo la nenosiri kwa sababu nenosiri lilikubaliwa.

Kwa hiyo kompyuta ya mlangoni haihitaji kufutwa kitu. Unaweza kuacha katazo lako lilivyo na kuongeza tovuti ile moja kwenye orodha ya zinazoruhusiwa: fungua mipangilio ya Chrome, ingia sehemu ya faragha na usalama, kisha mipangilio ya tovuti, tafuta kipengele kinachohusu tovuti kuhifadhi data kwenye kifaa chako, na chini yake utaona pa kuongeza anwani. Anwani iandike ikitanguliwa na alama hizi: [*.] ili matawi yote ya tovuti hiyo yahesabiwe, maana mifumo mingi ya maombi ina ukurasa wa kuingia kwenye tawi moja na fomu kwenye tawi jingine. Hata hivyo, ukiniuliza mimi, katazo la jumla kwenye kompyuta ya wateja litakusumbua kila siku, kwa kuwa kila mteja anakuja na tovuti yake. Orodha hiyohiyo inakuruhusu kuchagua jambo la kati: tovuti zihifadhi vidakuzi, lakini vifutwe vyote madirisha yanapofungwa. Hilo ndilo linalokufaa.

Kompyuta ya katikati ndiyo iliyonivutia zaidi, kwa sababu ya neno lako kwamba ilianza baada ya kuwekewa Windows upya. Naomba utazame ukanda wa saa, wala usiishie kutazama saa yenyewe. Windows ikiwekwa bila kuchaguliwa eneo, mara nyingi hubaki na ukanda wa saa wa pwani ya magharibi ya Marekani, ambao uko saa 8 nyuma ya saa ya dunia wakati wao wa baridi, ilhali sisi tuko saa 3 mbele. Anayeiandaa mashine akiona saa haiendani na ya ukutani huisogeza kwa mkono mpaka ilingane, na kwa macho kila kitu kinaonekana sawa. Lakini ndani, hapa kwetu ikiwa saa tatu ya asubuhi, kompyuta inaamini kwamba ni saa tatu ya asubuhi kule Marekani, na kwa hesabu hiyo iko saa 11 mbele ya wakati halisi, au 10 wanaposogeza saa zao majira ya joto.

Hapo ndipo penye madhara. Uthibitisho wa kuingia hupewa muda mfupi wa kuishi, mara nyingi nusu saa au saa moja. Vivinjari vya sasa hujaribu kufidia tofauti kwa kulinganisha saa ya kompyuta na saa ya seva vinapopokea kidakuzi chenye tarehe ya mwisho, lakini programu inayofanya kazi ndani ya ukurasa wa mfumo ikisoma saa ya kompyuta yako ili kuangalia kama muda umekwisha, inakuta umekwisha saa nyingi zilizopita, na inamtoa mteja kabla hajaona chochote. Onyo la cheti cha usalama halitokei, kwa sababu vyeti huishi kwa wiki na miezi na kosa la saa 11 kwa kawaida halivuki mipaka yake. Kosa la miaka, linalotokea betri ndogo ya ubao mkuu inapokufa, ndilo linaloleta ukurasa wa onyo. La saa chache hukaa kimya. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe na wakati, chagua ukanda wa Nairobi, ambao ni wetu pia, ruhusu Windows ijirekebishe yenyewe kupitia intaneti, kisha funga kivinjari na ujaribu tena.

Kwa ile ya ndani, sababu ni ya namna ya tatu. Mteja ameingia, maana kidakuzi cha mfumo wenyewe kinakubalika. Lakini kisanduku cha malipo kinaelekea kuwa ukurasa wa tovuti nyingine uliopachikwa ndani ya ukurasa unaouona, na vidakuzi vyake ni vya tovuti ya nje. Tangu Juni 2022 Firefox huipa kila tovuti unayoifungua chungu chake cha vidakuzi, kwa hiyo tovuti ya malipo inapopachikwa ndani ya mfumo wa maombi haioni vidakuzi ilivyoviweka ilipofunguliwa yenyewe, na kama mtu aliongeza ulinzi kuwa mkali, huenda ikazuiwa zaidi. Kushoto mwa anwani kuna alama ya ngao; ibofye, uzime ulinzi kwa tovuti hiyo peke yake, na ukurasa utajipakia upya. Usizime ulinzi wa kivinjari kizima.

Kama unataka kujua mapema iwapo kidakuzi ni cha nje au cha ndani, tazama anwani juu ya dirisha wakati wa kulipa. Ikibadilika kabisa na kuwa ya tovuti nyingine, mteja amehamishwa, na vidakuzi vya huko vinahesabiwa kuwa vya ndani. Havitazuiwa kwa sababu hii. Anwani ikibaki ileile huku kisanduku kikiwa na nembo ya mtu mwingine, hapo ndipo pa kushuku.

Ushauri unaokinzana mtandaoni umetokana kwa kiasi na vivinjari vyenyewe kutokubaliana. Safari, kivinjari cha Apple, ilizuia vidakuzi vya tovuti za nje kabisa mwezi Machi 2020. Google nao walitangaza Januari 2020 kwamba Chrome itaviondoa, wakasogeza tarehe mara kadhaa, na Julai 2024 wakaachana na mpango huo. Kwa hiyo makala yanayosema Chrome imeshaviondoa hayaelezi hali ilivyo, na mtu akiyafuata atatafuta tatizo mahali lisipokuwepo.

Mama Steshenari (Moshi)

Fundi, nashukuru sana kwa kunisomea maelezo kwa utulivu namna hiyo. Kompyuta ya katikati ilikuwa kwenye ukanda wa Marekani kama ulivyosema, ingawa saa ilikuwa inalingana na ya simu yangu kwa dakika. Nimechagua Nairobi, saa ikaruka mara moja, nikairuhusu ijirekebishe, na mteja wa kwanza aliyekaa hapo ameingia na kujaza fomu hadi mwisho. Ya ndani nayo, baada ya kubofya ngao, kisanduku kimeonyesha kumbukumbu namba.

Linalonisumbua bado ni usalama wa wateja. Nimeweka vidakuzi vifutwe madirisha yanapofungwa. Lakini sielewi ilikuwaje akaunti ya yule mteja wa awali ikabaki wazi, kwa sababu nakumbuka vizuri kwamba siku ile umeme ulikatika, kompyuta ikazimika yenyewe, na ulipokuja ndipo yule binti alipokaa. Kama mashine nzima ilizimika, akaunti iliendeleaje kuwa wazi?

Mwalimu wa TEHAMA (Moshi)

Mama Steshenari, swali lako hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na jibu lake limo ndani ya kile ulichokieleza: umeme ulikatika.

Vidakuzi vingi vya kuingia ni vya muda, na kwa kanuni hutakiwa kutoweka kivinjari kinapofungwa. Neno la msingi ni kufungwa. Umeme unapokatika, kivinjari hakijafungwa, kimekatizwa. Kompyuta ikiwaka, Chrome hutoa kisanduku kidogo kinachouliza kama urejeshewe kurasa zilizokuwa wazi, na Firefox ina utaratibu unaofanana na huo. Anayekubali hurudishiwa kurasa pamoja na vidakuzi vyake vya muda, na akaunti ya mtu aliyeondoka zamani inafunguka mbele yake. Utaratibu huo uliwekwa kwa wema, ili mtu asipoteze kazi yake, lakini kivinjari kinadhani kompyuta ina mwenyewe mmoja, wakati kwenye duka lako ina wenyewe wengi kwa siku.

Mambo mawili mengine huleta matokeo hayohayo hata umeme usipokatika. La kwanza ni mpangilio wa Chrome wa kuanza mahali ulipoishia kila inapofunguliwa. Ukiwa umewashwa, vidakuzi vya muda huhifadhiwa hata ukifunga dirisha kwa utaratibu. Chagua ianze na ukurasa mpya. La pili liko kwenye sehemu ya mipangilio inayohusu mfumo, nalo ni ruhusa ya Chrome kuendelea kufanya kazi kwa chinichini baada ya dirisha kufungwa. Ikiwa imewashwa, kuna wakati unadhani umefunga kumbe hujafunga. Izime kwenye kompyuta za wateja.

Kwa duka lako, hata hivyo, mimi ningependa wateja wasitumie kabisa wasifu wa kawaida wa Chrome. Bofya picha ya wasifu juu kulia na ufungue dirisha la mgeni. Dirisha hilo halina alamisho, manenosiri wala historia ya mtu yeyote, na mteja akimaliza na madirisha yote ya mgeni yakafungwa, vidakuzi vyake vinaondoka pamoja nayo. Unaweza hata kutengeneza njia ya mkato juu ya skrini inayofungua dirisha la mgeni moja kwa moja, kwa kuongeza --guest mwishoni mwa mstari unaoelekeza mahali programu ilipo, ukiacha nafasi moja kabla yake. Msaidizi wako wa dukani hatahitaji kukumbuka chochote. Usichanganye hali hiyo na hali fiche (Incognito). Hali fiche nayo hufuta vidakuzi inapofungwa, lakini Chrome huzuia humo vidakuzi vya tovuti za nje isipokuwa ukiruhusu, na utakutana tena na kisanduku cheupe cha malipo.

Pamoja na hayo yote, mfundishe kila mteja kubofya kitufe cha kutoka kabla hajainuka. Mfumo ulioundwa vizuri, mtu akitoka kwa kitufe, seva yenyewe hufuta kumbukumbu ya kuingia kwake, na kidakuzi kikibaki popote hakina kazi tena. Kufunga dirisha hufuta nakala iliyo kwenye kompyuta tu. Seva bado inamngoja.

Nasisitiza hili kwa sababu namba ya kitambulisho na majina ya wazazi ni taarifa binafsi, na nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wateja wengi wa steshenari hawajui kuuliza taarifa zao zinaishia wapi. Umeuliza kwa niaba yao, na nakupongeza kwa dhati.

Karani wa Njiro (Arusha)

Naomba niingie kidogo kwa kuwa jambo ni la aina moja. Ofisini kwetu tovuti moja tunayoitumia kila siku imeanza kutoa kosa namba 400, ikisema vichwa vya ombi au vidakuzi ni vikubwa mno. Tovuti nyingine zote zinafunguka. Je, hapa napo nisifute?

Fundi wa Ngarenaro (Arusha)

Karani, hapo futa, lakini futa vya tovuti hiyo tu. Kivinjari hurudisha vidakuzi vyote vya tovuti katika kila ombi, na seva huwa na kikomo cha inachokubali kupokea, kwa nyingi takriban baiti 8,000. Kidakuzi kimoja kinaweza kufika baiti 4,096, kwa hiyo tovuti inayoongeza vidakuzi bila kuondoa vya zamani hujaza nafasi yake yenyewe. Andika chrome://settings/content/all kwenye sehemu ya anwani, tafuta jina la tovuti, kisha bofya alama ya kufuta iliyo mbele yake. Utalazimika kuingia upya kwenye tovuti hiyo, na nyingine hazitaguswa. Kosa likirudi baada ya wiki chache, waandikie wenye tovuti, kwa maana kasoro iko upande wao na kufuta kwako ni kujisogezea muda.

Mama Steshenari, nakuongezea moja nililolisahau. Kama una alamisho ya mfumo ule, hakikisha anwani yake inaanza na https na kwamba inalingana herufi kwa herufi na ile unayoiona baada ya kuingia. Kidakuzi kilichotolewa kwa anwani yenye www huenda kisitumwe kwa anwani isiyo nayo, na kilichowekewa sharti la usalama hakitumwi kwenye http. Dalili yake ni ileile ya kurudishwa pa kuingilia.

Mama Steshenari (Moshi)

Mwalimu na fundi, nimefanya yote. Njia ya mkato ya dirisha la mgeni ipo kwenye kompyuta ya mlangoni na ya katikati, na alamisho niliyokuwa nayo ilikuwa ya http bila www, nimeibadilisha. Ya ndani nimeiachia malipo, na nimeweka Firefox ifute vidakuzi na data za tovuti inapofungwa. Nimebandika pia karatasi juu ya kila skrini inayomkumbusha mteja abofye kutoka kabla ya kuinuka, na msaidizi wangu amepewa agizo la kukataa kurejesha kurasa kila umeme unapokatika.

Kijana wa Sakina, nawe asante mwanangu kwa kujibu wa kwanza. Kama kompyuta unazozihudumia ni za wateja wengi, jaribu kutazama ukanda wa saa kabla ya kufuta, halafu utuandikie hapa umekuta nini.

Kijana wa Sakina (Arusha)

Ushauri nimeupokea, mama. Nimekagua mashine za hapa ofisini leo jioni: mbili zilizowekewa Windows na fundi mmoja zote zipo kwenye ukanda wa Marekani. Nimezirekebisha, na kesho nitawaomba waliokuwa wanalalamika kutolewa kwenye akaunti wajaribu kabla sijafuta kitu chochote.